Imeishia Patamu

Kati ya kero zote zinazoingia sebuleni mwetu bila kubisha hodi, hakuna inayostahili heshima kama hii: tamthilia kukatika pale pale mlango unapofunguliwa. Mtu ameshika kitasa, muziki umepanda, uso wa mwenye nyumba umebadilika rangi, mara majina ya waigizaji yanaanza kupita kwenye skrini. Watu wazima wanapiga kelele. Mtoto aliyekuwa amelala kwenye mkeka anashtuka. Rimoti inatupwa kwenye kochi. "Aa, imeishia patamu!" Na hakuna wa kumlalamikia, mpaka wiki ijayo.

Nasema bila kupepesa macho kwamba kukatiwa patamu ni hisani. Ni hisani kubwa kuliko waigizaji wazuri, kuliko majumba ya kifahari wanamopigia picha, kuliko wimbo wa kufungulia unaoimbwa na watoto wa mtaa mzima. Mtunzi anayekata mahali panapouma anatuachia hadithi yake siku saba, na anatuamini kwamba hatutaitupa. Anayetaka kero hii iondolewe hajahesabu vizuri atakachopoteza.

Chukua kesi iliyo maarufu kuliko zote. Usiku wa Ijumaa, 21 Machi 1980, televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha sehemu ya mwisho ya msimu wa tamthilia ya Dallas. J.R. Ewing, tajiri wa mafuta wa Texas aliyeigizwa na Larry Hagman, yuko ofisini peke yake. Anasikia sauti nje ya chumba. Anatoka kuangalia. Zinalia risasi mbili, anaanguka, basi. Aliyeshika bastola hakuonyeshwa hata kidole.

Misimu ya televisheni huko kwa kawaida hurudi Septemba. Mwaka ule waigizaji wa Marekani waligoma kuanzia Julai hadi Oktoba, na Hagman mwenyewe alikuwa akivutana na waajiri wake kuhusu malipo. Jibu likaja 21 Novemba, miezi 8 kamili baada ya risasi. Mwezi Agosti gazeti la Time lilimweka J.R. kwenye jalada. Wachezesha kamari wa Uingereza walipokea dau juu ya nani alifyatua. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi kati ya Jimmy Carter na Ronald Reagan, na wafuasi wa chama cha Republican walivaa beji zilizosema kwamba J.R. alipigwa risasi na mtu wa Democrat. Watengenezaji nao walipiga picha za wahusika mbalimbali wakifyatua bastola ile, ili hata wafanyakazi wao wasijue ni ipi itakayorushwa. Alipofichuliwa Kristin Shepard, shemeji wa J.R. na hawara wake, Wamarekani wanaokadiriwa kuwa milioni 83 walikuwa mbele ya televisheni, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 226.

Kipindi kile, pamoja na matangazo, ni cha saa moja. Miezi 8 iliyotangulia ilitungwa na watazamaji wenyewe. Na walifanya kazi halisi. J.R. alikuwa amewadhulumu karibu wote waliomzunguka: mkewe Sue Ellen ambaye J.R. alitaka kumrudisha kwenye hospitali ya walevi, hasimu wake Cliff Barnes, mwenye benki Vaughn Leland aliyeingizwa kwenye biashara ya visima vya mafuta vya Asia ikamfilisi. Ili umshuku mmoja wao ilibidi ukumbuke alitendwa nini, lini, na alikuwa wapi. Watu ambao wiki nyingine wangesahau hadithi kabla ya kuzima taa walirudi nyuma kuikagua sehemu kwa sehemu. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kero hii: inatulazimisha kukumbuka, na ukikumbuka unaanza kuona jinsi jambo moja lilivyozaa jingine.

Sifa ya pili inahusu hofu yenyewe. Mwongozaji filamu Alfred Hitchcock alimweleza mwongozaji mwenzake François Truffaut, katika mazungumzo yaliyotolewa kitabu mwaka 1966, tofauti kati ya kushtuka na kuwa roho juu. Watu wanazungumza mezani, bomu linalipuka ghafla: mtazamaji anashtuka kwa sekunde chache, yamekwisha. Lakini mtazamaji akionyeshwa mapema kwamba bomu liko chini ya meza na saa inakwenda, maongezi yale yale ya kawaida yanamtoa jasho kwa dakika nyingi. Anataka kuwapigia kelele wainuke. Mkato wa mwisho wa sehemu unaichukua kanuni hiyo na kuirefusha kutoka dakika hadi siku. Tuseme tunajua mama mtu amekwisha kuona barua ya siri ya binti yake. Binti hajui kwamba mama anajua. Tunakwenda kazini Jumatatu na bomu lile bado liko chini ya meza. Nani mwingine anayeweza kukufanya umwonee huruma binti asiyekuwapo duniani, ukiwa umesimama kwenye daladala, mkono mmoja kwenye bomba?

Sifa ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi: kero hii inawapa watu la kusema. Ingia saluni yoyote asubuhi inayofuata. Msusi ameshika rasta, mkono umesimama hewani.

"Ni shemeji mtu," anasema.

"Shemeji yupi, shoga, wakati simu inapigwa yeye yuko hospitali?" anajibu aliyekaa kwenye draya.

"Hospitali ulimwona kitandani? Ulionyeshwa mlango tu."

Kimya. Kila mmoja anarudisha picha kichwani, na kweli, ulionyeshwa mlango tu. Bibi mmoja aliyekuja kumsubiri mjukuu, ambaye hajafungua kinywa tangu aingie, anauliza viatu vilivyokuwa mlangoni vilikuwa vya nani. Hapo mjadala unaanza upya, na hakuna anayeuliza mwenzake ni wa kabila gani, ana shilingi ngapi au alisoma hadi wapi. Kinachopimwa ni hoja. Wangekuwa wameonyeshwa mwisho usiku ule ule, asubuhi wangesema ilikuwa nzuri, wakahamia bei ya vitunguu.

Na mazungumzo ya namna hiyo hayaishii kwenye burudani. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu aliyechoka kusubiri akaanza kujitegemea. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju kituo kwa kituo mpaka UKIMWI ulipompata. Mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo huo hadi 1995, ili watafiti, akiwamo Everett Rogers wa Marekani, waweze kulinganisha. Waligundua kwamba mahali uliposikika, watu walizungumza zaidi na wenzi wao na rafiki zao kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka. Nusu saa ya redio peke yake haiwezi kumfanya mume na mke wazungumze jambo walilolikwepa miaka. Ila mchezo unapokatika Mkwaju akiwa amesimamisha lori mbele ya nyumba ya mwanamke mwingine, mume anasema "huyu mjinga atakufa", mke anajibu, na maongezi yameanza. Siku za katikati ndizo zilizofanya kazi.

Sifa ya nne ni ya haki. Kusubiri wiki hakuna daraja la kwanza. Mwenye skrini ya ukuta mzima na kijana anayechungulia dirishani kwa jirani wote wanakaa gizani mpaka saa ile ile ya siku ile ile. Tamthilia inapomwagwa yote mara moja, anayemaliza kwanza ni mwenye bando nene na asiyeamka alfajiri kwenda kazini, na anapomaliza anakuwa na mamlaka juu yetu sote. Anaweza kumwaga ubuyu muda wowote. Tunaanza kukwepana: wewe uko sehemu ya ngapi? Usiniambie! Hadithi iliyopaswa kutukusanya inatutenga kila mtu kwenye sehemu yake.

Najua upande wa pili. Tarehe 1 Februari 2013 Netflix iliweka sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa House of Cards kwa siku moja, na wengi waliona kwamba mtazamaji amepata uhuru. Uhuru wa kutazama utakavyo ni kitu kizuri, na mgonjwa aliyelazwa au msafiri wa safari ndefu ana kila sababu ya kuushukuru. Lakini mwaka 2022 kampuni hiyo hiyo iligawa msimu wa nne wa Stranger Things, sehemu 7 zikaja Mei na 2 zikasubiriwa hadi Julai. Nadhani walijua kwamba hadithi inayosubiriwa hukaa midomoni mwa watu muda mrefu zaidi.

Wapo wanaosema kukata patamu ni ujanja wa biashara tu. Ni biashara, kweli. Mkato unauza matangazo ya wiki ijayo, kama ulivyouza magazeti. Mwandishi Charles Dickens alianza kuuza The Pickwick Papers kwa vijitabu vya kila mwezi mwaka 1836, na kwetu Eric Shigongo alijipatia wasomaji wengi kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya Global Publishers. Msomaji aliyetoa mia zake kununua toleo lijalo hakuibiwa. Alinunua hamu ya kujua, na hamu hiyo ikampa uzoefu wa kusoma kila wiki ambao watu wengi walimaliza shule bila kuupata.

Lakini sifa ninazotoa ni za mkato mzuri, na si kila mkato ni mzuri. Huko Uturuki sehemu moja ya tamthilia huonyeshwa mara moja kwa wiki na huweza kufika saa mbili na zaidi. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi, ndiyo maana tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili wakati mwingine inakuachia mtu katikati ya ngazi, hapandi wala hashuki. Mkato huo umepimwa kwa saa. Mkato wa mtunzi unaacha swali lenye majibu mawili au matatu yanayowezekana, na kila jibu lina mtu wa kulitetea. Ukiweza kulitamka swali lenyewe mara tu majina yanapoanza kupita, umekatiwa vizuri. Ukibaki unauliza "imekwisha au umeme?", umeonewa.

Na ahadi ni deni. Mei 1985, Dallas hiyo hiyo ilimuua Bobby Ewing, ndugu mwema wa J.R. Watu walimlilia, wakafuata msimu mzima wa familia inayojifunza kuishi bila yeye. Mei 1986 Pam, aliyekuwa mkewe, alifungua mlango wa bafu, akamkuta Bobby anaoga. Msimu uliofuata ukaeleza kwamba mwaka ule mzima ulikuwa ndoto ya Pam. Kila ugomvi, kila ndoa, kila chozi la msimu ule lilifutwa. Hapo watazamaji walikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu walichokikumbuka na kukibishania miezi kadhaa kiliambiwa hakikutokea. Mwaka 1980 mtunzi alilipa: jibu lilikuwa mtu tuliyemwona, mwenye sababu tuliyoijua, aliyekuwapo mbele ya macho yetu muda wote. Mwaka 1986 hakulipa.

Kwa hiyo ombi langu kwa watunzi wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaoandika usiku kucha kwa malipo kidogo ni hili: tukatieni patamu zaidi. Msituonee huruma. Tuachieni swali gumu kuliko la wiki iliyopita, na mjue jibu lake kabla hamjatuuliza, ili kila tutakachokikumbuka kiwe na maana siku mtakapofungua mlango.

Nasi watazamaji tuna kazi yetu. Wiki hii, kabla sehemu mpya haijaanza, muulize kila mtu nyumbani anamshuku nani, kuanzia mtoto hadi bibi. Mwambie atoe sababu, na usimruhusu aseme "nahisi tu". Kisha mmwache kila mmoja na mtu wake, mkae pamoja saa ikifika.