Leo Si Siku ya Kunyoa

Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, anaomba ruhusa ya kunyoa. Ndiyo maisha ya Guangzhou hayo. Mwaka mpya wa Kichina safari hii uliingia tarehe 17 Februari 2026, na kinyozi wangu, mtu wa Shandong, kaskazini huko, akanigomea waziwazi. Kwao anayenyoa katika mwezi wa kwanza anamuua mjomba wake. Ukitaka usalama, ngoja siku ya pili ya mwezi wa pili, siku wanayosema joka linainua kichwa, ambayo mwaka huu iliangukia tarehe 20 Machi. Nikamwambia mjomba wangu yuko Tanga, ni mzima wa afya, na juzi tu kanipigia simu akiomba hela.

"Kaka mkubwa," akasema, "mjomba ni wako, amua mwenyewe."

Unaamuaje hapo? Nikarudi nyumbani na nywele zangu. Mjomba nilipomsimulia alinyamaza kidogo, kisha akasema huyo kinyozi ana adabu kuliko mimi, na ile hela niiongeze.

Lakini kinyozi ana mwiko mmoja kwa mwaka. Mwenye nyumba wangu, mama wa Kikanton aliyenizidi umri kwa mbali, ana miko ya kila siku, tena imechapwa. Jikoni kwake pana kalenda ya kuchana, ile ya karatasi nyepesi ambayo kila asubuhi unachana jani moja, na pembeni yake, kwenye msumari, kinaning'inia kwa kitanzi cha uzi kitabu kinene chekundu. Hiyo ndiyo almanaka yenyewe, Tung Shing. Kodi ya pango ninalipia hapo jikoni, kwa hiyo nimeshaisoma sana kuliko nilivyotaka.

Jani la siku moja limejaa maandishi kuliko hati ya kiwanja. Katikati kuna tarehe yetu ya kawaida, kubwa. Chini yake tarehe ya mwezi mwandamo, kisha jina la siku katika mzunguko wa siku sitini usiokatika. Halafu safu mbili: yanayofaa leo na yasiyofaa leo. Kuoa, kuhamia, kufungua duka, kutega samaki, kuziba matundu, kuweka kitanda, kuoga. Ndiyo, kuoga. Zipo siku ambazo kuoga kumeidhinishwa kwa maandishi, na mimi naoga kila siku kwa ukaidi. Zipo pia siku ambazo hakifai chochote kabisa. Hizo ningependa ziwe na muhuri, nimpelekee mke wangu akinituma sokoni. Chini kabisa wameweka mnyama ambaye siku hiyo inagombana naye, upande wa dunia wenye balaa, upande aliko mungu wa mali, na vipindi kumi na viwili vya saa mbilimbili, kimoja chema, kingine kibaya. Siku yenyewe kwao inaanza saa tano usiku, sisi wengine tukiwa bado tunatafuta rimoti.

Haijatosha. Kuna maagizo ya mzee Pengzu, ambaye hadithi zao zinasema aliishi miaka 800. Siku za ding, zinazorudi kila baada ya siku kumi, usinyoe. Siku za Mbuzi usinywe dawa. Siku za Jogoo usialike wageni kula. Hili la Jogoo nililipenda sana, nikauliza kama linafanya kazi Tanga pia. Na ndani ya kile kitabu chekundu kuna jedwali la jicho kucheza: la kulia au la kushoto, saa ngapi, basi unajua kama anakuja mgeni, chakula au ugomvi. Hapo ilinibidi ninyamaze. Bibi yangu alipokuwa akichezwa na jicho, nyumba nzima ilitulia. Sisi watu wa pwani, wenye waalimu wetu wa falaki, siku zetu za nuhusi na Nairuzi yetu ya kuhesabu mwaka kwa miongo, hatuna uso wa kumcheka mtu hapa. Tofauti ni kwamba bibi alikuwa na jicho tu. Hawa wana jedwali.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba kitabu hiki siwezi kukidharau. Kingekuwa cha kubahatisha ningepita zangu. Lakini nusu yake ni hesabu, tena hesabu ya kutisha. Mwezi wao haungojwi uonekane. Unaanza siku ile mwezi unapokutana na jua, kwa saa za Beijing, na dakika yake inajulikana miaka mingi kabla. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kituo cha elimu ya nyota cha Zijinshan, kule Nanjing, na tangu 2017 kanuni zake ni kiwango rasmi cha taifa, kama cha nondo na saruji. Mwezi uleule uliowaletea wao mwaka mpya tarehe 17 Februari ndio uliotuletea sisi Ramadhani, siku moja au mbili baadaye, kutegemea umemfuata nani. Jioni ile simu yangu haikupumua. Umeonekana? Haujaonekana. Umeonekana wapi? Kaona nani? Mwenye nyumba akauliza tunagombania nini usiku wote ule. Nikamweleza. Akanitazama kwa huruma.

"Sasa si mngeangalia kwenye kalenda?"

Nikamwambia, "Shangazi, tuache tu."

Miezi kumi na miwili ya mwandamo inapungukiwa siku kama kumi na moja na mwaka wa jua. Sisi tunaacha iteleze, Ramadhani inatembelea misimu yote. Wao hawataki mwaka mpya uwafikie katikati ya joto, kwa hiyo wamegawa safari ya jua katika vituo ishirini na vinne, kumi na viwili kati yake vikuu. Mwaka ukijaa miezi kumi na mitatu, mwezi unaopita bila kukuta kituo kikuu ndio unaohesabiwa wa ziada, na unapewa namba ya ule uliotangulia. Katika kila miaka kumi na tisa inaingia saba ya namna hiyo. Mwaka wao wa 2025 ulikuwa na mwezi wa sita mara mbili, siku 384 kwa jumla. Nikamwomba mwenye nyumba kwamba kama mwezi umekuja wa ziada, basi kodi ya mwezi huo anisamehe. Akasema kodi inafuata kalenda ya Wazungu.

Wala msidhani hawagombani. Wanagombana, alhamdulillahi. Mwaka 1978, mwaka niliozaliwa mimi, mwezi mmoja uliandama karibu kabisa na saa sita usiku. Almanaka za Hong Kong zilikuwa bado zinafuata saa za zamani za Beijing, zikauweka upande huu wa usiku wa manane. China bara, kwa saa zake rasmi, ikauweka upande wa pili. Matokeo yake sikukuu ya katikati ya vuli iligawanyika, Hong Kong wakala keki za mwezi siku moja kabla ya wenzao. Nilipolijua hilo nilifurahi kwa roho mbaya kabisa.

Hila ya kitabu iko hapohapo. Nusu ya hesabu inaidhamini nusu ya nuhusi. Mtu aliyekutajia dakika ya mwezi kuandama na asikosee, akigeuza ukurasa akakwambia leo usiweke kitanda, utamwambia nini? Unaacha godoro sakafuni.

Aliyeyaonja haya kwa uchungu ni Johann Adam Schall von Bell, padri Mjesuiti kutoka Ujerumani. Wamanchu walipoitwaa Beijing mwaka 1644, huyu ndiye aliyekabidhiwa ofisi ya nyota na kalenda ya mfalme, kwa sababu hesabu zake za kupatwa kwa jua ziliwashinda wapinzani. Adui yake mkubwa, Yang Guangxian, hakumpatia kwenye hesabu. Mwaka 1664 alimfungulia mashitaka, na mojawapo lilikuwa kwamba ofisi ya Schall ilichagua wakati mbaya wa kumzika mwana mchanga wa mfalme Shunzhi, na nuhusi hiyo ndiyo iliyomuua mama wa mtoto, kisha mfalme mwenyewe. Mzee akahukumiwa kifo. Mwaka 1665 tetemeko likaitikisa Beijing, wakubwa wakaliona ni ishara, akanusurika. Wasaidizi wake watano Wachina walikatwa vichwa. Yang akapewa ofisi. Kumtwika mtu lawama ya mazishi ni rahisi kuliko kupiga hesabu ya mwezi, na mwaka 1669 Mjesuiti mwingine, Ferdinand Verbiest, alizianika kasoro za kalenda mpya mpaka mwezi wake wa ziada ukafutwa. Mwezi mzima, umeshachapwa na kusambazwa, haupo! Waliokuwa wameahidi kulipa madeni yao mwezi huo nadhani ndio walioumia zaidi.

Ukisoma hivyo unafahamu kwa nini serikali baada ya serikali zimekishindwa kitabu hiki. Ile iliyokuwa na makao Nanjing iliipiga marufuku kalenda ya kale mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1967, katika Mapinduzi ya Utamaduni, hata likizo ya mwaka mpya iliondolewa. Leo almanaka imo ndani ya simu, bure, na kila programu ina fatwa yake: moja inasema leo kunafaa kuhama, ya pili inasema thubutu. Mwenye nyumba wangu anazo zote mbili. Akiwa na jambo lake anafungua ile inayokubali. Nikiwa na langu mimi, la kupiga msumari ukutani, anafungua ile nyingine. Kisha anamalizia kwa kusema yeye haamini mambo haya, anatazama tu.

Mwaka 2024 ulimpa kazi kweli. Mwaka ule wa mwandamo ulianza tarehe 10 Februari, na kituo cha kuanza kwa majira ya kuchipua kilikuwa kimeshapita siku chache kabla. Kilichofuata kikaja Februari 2025, mwaka wenyewe umeshakwisha. Mwaka usio na kituo hicho wanauita mwaka wa wajane. Mpwa wake alikuwa na mchumba, ukumbi na nguo. Akaambiwa atulie mpaka 2025, ambao una vituo viwili vya namna hiyo. Ndoa zilizoandikishwa China nzima mwaka 2024 zilishuka hadi milioni 6.1, kutoka milioni 7.68 mwaka uliotangulia. Wataalamu wanataja bei za nyumba, gharama za watoto na vijana kupungua. Mwenye nyumba anawasikiliza kwenye televisheni, anatikisa kichwa, anaonyesha msumari wake.

Na sasa zamu ni yangu. Waliozaliwa 1978 ni Farasi, na 2026 ni mwaka wa Farasi. Ungetegemea pongezi. Kumbe mwaka wa mnyama wako ndio unaokukalia vibaya, na kinga yake ni kuvaa nyekundu. Mkanda mwekundu, soksi nyekundu na, ndiyo, chupi nyekundu. Ameninunulia mwenye nyumba mwenyewe, za mwaka mzima, na anazianua yeye kamba ikijaa, kwa hiyo siwezi kudanganya. Alitaka pia saa niliyozaliwa, anitazamie vizuri. Nikampigia mama. Mama akasema ilikuwa masika, na adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa. Mwenye nyumba akahesabu, akasema basi ni kipindi cha Nyani, saa tisa hadi saa kumi na moja. Akaandika. Cheti changu cha kuzaliwa hakijawahi kufika huko.

Haya yote ningeyavumilia kama yangeishia jikoni, lakini yamefika kwenye kontena langu. Nina vigae kiwandani Foshan, mteja Tanga ananitukana kila siku, nikaweka siku ya kupakia tarehe 1 Julai. Bosi wa kiwanda akanijibu kwa ujumbe mmoja: haiwezekani. Siku zao zina majina kumi na mawili yanayopokezana, na tarehe 1 Julai ni Siku ya Kuvunja. Inafaa kubomoa nyumba na kwenda kwa daktari. Tena ni mwaka wa Farasi, ndani ya mwezi wa Farasi, na ni siku ya Panya, anayegombana na Farasi kuliko wanyama wote, na mwenye mzigo ni Farasi.

Nikataka kubisha. Kisha nikafikiria vigae, sanduku juu ya sanduku, vinapakiwa Siku ya Kuvunja, na maneno yakaniishia mdomoni.

"Haya, basi tarehe 2," nikasema.

"Tarehe 2 ni Siku ya Hatari."

"Tarehe 3?"

"Tarehe 3 ni Siku ya Kukamilika. Nzuri sana. Kwa ndoa pia."

Meli inafunga kupokea kontena tarehe 2 jioni. Nikamwuliza mzigo ukikosa meli, gharama za kungoja meli inayofuata analipa nani. Akachelewa kujibu, nadhani aliangalia kweli. Akaandika kwamba hilo almanaka haikutaja.