Harusi Isiyo na Presha

Simu iliita nikiwa naokota mayai. Alikuwa binti wa binamu yangu, mzaliwa wa hapa hapa Kaloleni ya Voi, ambaye siku hizi yuko Nairobi na ana lafudhi mbili. Akataka kujua kama lile banda la marehemu baba bado limesimama. Nikamwambia limesimama kwa mazoea tu. Akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

"Mjomba, msiliguse hata kidogo! Nataka kuolewa humo."

Banda lenyewe ni la fito na udongo, paa limebebwa na boriti za kuokota na milingoti ya mkonge, mabati yana kutu ya rangi ya chai. Chini hulala mbuzi, juu darini hukaa mahindi ile miaka ambayo ndovu hawajayapitia. Katika ukoo wetu limekuwa kitu cha kuzungukwa. Mgeni akija tunampitisha upande wa pili ili asilione.

Akanitumia picha. Kumbe Uingereza na Marekani wakulima waliokuwa wakihifadhi nyasi za majira ya baridi kwenye mabanda ya mbao sasa wanaingiza maharusi humo, maana bibi harusi analipa kuliko ng'ombe. Taa zinaning'inia, maua yako kwenye chupa za jamu, watu wamekaa juu ya marobota ya nyasi wakicheka kama ambao hawajawahi kudaiwa. Yeye alitaka hivyo hivyo. Harusi isiyo na presha, akasema: hakuna kamati, hakuna sare, hakuna meza kuu, wageni 60 basi.

"Bila kamati?" akauliza shangazi nilipompelekea habari. "Sufuria zitatoka wapi, mbinguni?"

Presha ya kwanza ilitoka kwa Baba Mkubwa. Yeye aliposikia wageni wa Nairobi wanaletwa bandani, aliona aibu ya ukoo mzima inamkalia begani. Hakumuuliza mtu. Alinunua chokaa, akatafuta vijana wawili, na bibi harusi aliposhuka kwenye SGR siku ya Jumatano akaletwa kwa pikipiki kuona banda lake kuukuu, alikuta jengo jeupe linalong'aa kama zahanati siku moja kabla ya waziri kuja kuizindua.

Alilia. Baba Mkubwa akadhani ni furaha, akamwambia ngoja uone na upande wa nyuma.

Alhamisi na Ijumaa tulishinda tukikwangua chokaa kwa magunzi na vifuu, kisha tukipaka tope na majivu. Majirani wanaopita njiani walisimama.

"Mnafanyaje hapo?"

"Tunalichafua."

"Kuna nini?"

"Kuna harusi."

Wakaendelea na safari zao kimya kimya, na najua walichosema walipofika mbele.

Mapambo nayo yalifufua mambo. Nyanya aliombwa chemli zake, zile alizozitupa stoo kwa mikono miwili siku nguzo ya stima ilipofika kwake. Akazitoa moja moja, akiuliza kama bei ya tokeni imepanda kiasi hicho. Meza zilitandikwa magunia na kufungwa kamba za katani. Baba Mkubwa alikata mkonge kwenye shamba kubwa kwa miaka 30, na viganja vyake mpaka leo vina alama za miiba. Aliinyanyua ncha ya kamba kwa vidole viwili, kama mtu anayekagua mkia wa nyoka kujua kama amekufa kweli. "Huyu nilistaafu nimwepuke," akasema, "amenifuata mpaka kwenye pilau."

Mchungaji ndiye alisitasita. Mbuzi, alisema, harufu haijatoka. Nyanya akamuuliza Mwokozi alizaliwa hoteli gani, na hapo mazungumzo yakaisha.

Lakini nyasi! Mwezi wa Novemba, Voi, baada ya kiangazi, unatafuta marobota 20 ya nyasi ya kukalia. Siitaji bei hapa kwa sababu wafugaji wanasoma. Nilipoyashusha, mbuzi wangu walikusanyika kwenye ua wakayatazama kwa macho yale ya mtoto nje ya kioo cha duka la keki. Usiku huo nikawahamishia kwa jirani. Niliwaeleza sababu, walau kwa heshima.

Na sasa jina la mahali. Kwa Kigiriama *lola* ni tazama, na wazee hulifasiri jina Kaloleni hivyo: nendeni mkatazame. (Kilifi wana Kaloleni yao kubwa zaidi, na sidhani kama wao wanatazama kidogo kuliko sisi.) Huwezi kufanya harusi ya faragha mahali ambapo jina lenyewe ni kadi ya mwaliko. Wale 60 walifika wakiwa na visigino virefu vinavyozama mchangani. Nyuma yao wakaja kina mama wa kwaya, kina mama wa chama, mafundi wa gereji na wanafunzi waliokuwa wakitoka kucheza mpira. Nilihesabu hadi 230 nikaacha. Hakuna aliyevamia, kila mmoja alikuwa na sababu yake na wengi walikuwa na beseni la mchele kichwani. Yale mabeseni yakumbuke.

Bibi harusi alikuwa ameomba wiki nzima mvua isinyeshe. Hilo ni ombi ambalo Voi mtu hulifanya mlango umefungwa. Bomba la maji ya chemchemi za Mzima limepita huku likienda Mombasa tangu miaka ya 1950, ila mifereji yetu hutoka maji kwa ratiba yake, na ratiba haiko kwetu. Mahindi ni ya mvua. Kwa hiyo dua yake ilikuwa moja dhidi ya dua za tarafa nzima, za misikiti na makanisa, na saa tisa alasiri matokeo yakatangazwa.

Tone la kwanza liligonga bati mchungaji akiwa amefika kwenye swali lenyewe. La pili, la tatu, kisha mabati yote yakaanza kunguruma. Mchungaji alifungua kinywa, bwana harusi akafungua chake. Mpaka leo hatuna uhakika alikubali nini. Ukiitazama video kwa makini midomo yake inasema "mvua".

Banda lile halina mifereji ya paa. Kila wimbi la bati linashusha uzi wake wa maji. Shangazi alitazama juu, akatazama nje, akasimama. Sekunde hiyo harusi iliisha na kazi ikaanza. Mabeseni yalipangwa chini ya mabati kwa mstari ulionyooka kuliko ule wa wasimamizi wa harusi. Ndoo zikafuata, kisha madebe. Jikoni pilau ya sufuria tatu ikashindiliwa katika mbili ili ya tatu ikakinge. Wale wa Nairobi walibaki kwenye marobota yao wakisubiri mtu awaambie kama hii ni mila.

"Mashahidi?" mchungaji akapaza sauti, kalamu mkononi. Sheria inataka 2. "Mashahidi wako wapi?"

"Wanakinga maji!"

Nikamtazama mtoto wetu, mle katikati, gauni jeupe, shada mkononi. Nilijua ameharibikiwa na nikatafuta maneno ya kumliwaza. Akanivuta sikio karibu na kinywa chake.

"Mjomba, tangi umefungua kifuniko?"

Sikuwa nimefungua. Nilikimbia. Ndiyo maana mbuzi hawakunikuta mlangoni.

Mbuzi na mvua havijawahi kupatana. Mbuzi akinyeshewa anakwenda nyumbani, na nyumbani si kwa jirani. Walikuja 14, wakiongozwa na jike kuu lenye kengele, wakaingia kwa mlango mkubwa na kupita katikati ya maua kama waliofanya mazoezi. Walipofika ndani wakakuta chumba chao kimejaa chakula na chakula kimekaliwa na watu. Wageni wa Nairobi walisimama wote kwa pamoja, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mbuzi walichukulia kwamba wamekaribishwa. Viti vilianza kuliwa kutoka safu ya nyuma. Jike kuu lilikwenda moja kwa moja mbele, likang'oa waridi kwenye shada na kutafuna likimtazama mchungaji.

Nilirudi nimelowa, nikamkuta bibi harusi nje na ndoo, gauni limekunjwa magotini. Udongo wetu ni ule ule unaowafanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu kwenye kadi za posta. Kutoka kiunoni kwenda chini alikuwa ndovu mmojawapo. Bwana harusi, mtu wa Kisii aliyekulia penye mvua kila jioni, alikuwa akipokea ndoo na kuuliza kwa nini watu wanashangilia.

Mashahidi walitia sahihi saa kumi na moja, kwa vidole vyenye maji, na jina moja limechuruzika. Pilau ililiwa watu wakiwa wamesimama.

Wiki mbili baadaye picha zikaja kwenye simu. Iliyosambaa kuliko zote ni ile ya ndani: maharusi wanacheka, jike kuu liko kati yao na ua mdomoni, nyuma yao ukuta wa tope. Watu watatu wameshanipigia kuulizia bei ya banda, na mmoja akauliza kama mbuzi ni malipo ya ziada. Nikampelekea Baba Mkubwa aione. Alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaileta karibu, akavua miwani.

"Mnaona sasa?" akasema. "Mbuzi ni wa kahawia, ukuta wa kahawia. Mngeiacha chokaa yangu, wangeonekana vizuri."