Ewe Mgawa Almasi, Pokea Sifa

Ngamia amesifiwa, mvua imesifiwa, mama naye amesifiwa mpaka nyimbo zikatosha. Leo namsifu mfadhili ambaye hajawahi kuambiwa hata asante: yule anayegawa almasi za gemu ya Free Fire, sarafu za Robux na pleystesheni mpya mitandaoni, bure, kwa mtu asiyemjua, usiku wa manane.

Nilikutana naye Lodwar, Turkana, ndani ya kibanda cha gemu cha mabati, mahali ambapo joto hubaki hata jua likishatua. Runinga moja, padi mbili, kitufe kimoja kimeshikizwa kwa selotepu. Mechi shilingi 20. Mpwa wangu alikuwa akingoja zamu yake, akanisogezea simu.

"Mjomba, nijaze?"

Kwenye kioo kulikuwa na pongezi za herufi kubwa, almasi 10,000, na saa iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma kutoka dakika tano.

Tuanze na ukarimu wake. Mwenye gemu huziuza almasi hizo kwa pesa. Huyu anazimwaga kama mchanga wa Turkwel wakati wa kiangazi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye amekuondolea kitanda kizima.

Kisha tazama subira yake. Tuliiacha ile saa ikafika sifuri. Tukafungua ukurasa upya, ikaanza tena dakika tano. Nionyeshe nani mwingine katika kaunti hii anayekuongezea muda bila kuandikiwa barua.

Halafu anakujali. Anataka jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, nywila ya akaunti yako, na ile namba ya siri itakayoingia kwa ujumbe mfupi. Wakwe wanaohesabu ngamia na mbuzi wa mahari hawamchunguzi bwana harusi kiasi hicho. Mwisho anaomba shilingi 99 za M-Pesa, ada ya uthibitisho. Mtu mwenye almasi 10,000 mkononi amekwama kwa shilingi 99! Ni nani asiye na moyo wa kumsaidia?

Jambo ninalomsifia zaidi ni jinsi anavyojua mila za wenyeji. Nenda Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapa. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa 1992, na kwa zaidi ya miaka 30 mambo mema yamekuja kwa njia ileile: jiandikishe, weka kidole, ngoja namba yako iitwe. Mwaka 2015 hata chakula kikaanza kuingia kwa simu, kwa mpango wa Bamba Chakula. Ukishapata ujumbe ulikwenda dukani kuchukua unga na maharagwe. Kijana wa Kakuma anayeamini ujumbe wa "umechaguliwa" si mjinga. Mama yake amepika ugali uliotokana na ujumbe. Mgawa Almasi amejifunza adabu hiyo yote, akabadilisha kitu kimoja kidogo: kule hupimwa unga ukapewa wewe, kwake unapimwa wewe, jina, namba na nywila, wakapewa wengine.

Nasi wa Turkana tuna uzoefu wa zawadi kubwa. Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa kwenye kisima cha Ngamia 1. Mwaka 2013 tukatangaziwa bahari ya maji chini ya bonde la Lotikipi. Baadaye yalipopimwa, yakakutwa na chumvi. Mtu aliyeahidiwa bahari chini ya miguu yake atashtukaje akiahidiwa almasi kwenye simu? Na Nairobi wasitucheke. Agosti 2023 walijipanga foleni pale KICC, wakapigwa picha ya mboni za macho na mradi wa Worldcoin ili wapate sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000, hadi serikali ikasimamisha. Sisi tumeombwa nywila tu, macho tumebaki nayo.

Wapo wabishi. Watakutajia Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu amnunulie kompyuta. Kijana akawa anatembea saa kadhaa kwenda kuichaji, akajifundisha, akaunda gemu yake mwenyewe, Salaam. Miaka mitatu! Fomu ya Mgawa Almasi inajazwa kwa dakika tano, na zikiisha zinaanza upya.

Basi mpwa wangu alikuwa bado amenikazia macho. Nikamwambia, "Jaza. Lakini usijijaze wewe." Akacheka, akaandika: jina, Mbuzi wa Nyanya. Mwaka wa kuzaliwa, juzi. Nywila, meeemeee. Namba ya simu, sifuri tupu.

Ukurasa ukafikiri kidogo. Kisha nyota zikaanguka kioo kizima: "Hongera Mbuzi wa Nyanya! Umechaguliwa miongoni mwa maelfu. Lipa 99."

Kibanda kizima kiliacha mpira, kikaja kusoma. Wazee wetu wakitaka kujua kama mbele kuna hatari, huchinja mbuzi wakasoma matumbo yake. Sisi tumejibiwa bila kumwaga damu, kwa bando la shilingi chache. Tulipofika nyumbani mbuzi alikuwa amelala kando ya boma, anacheua. Ada yake hajalipa hadi leo.