Nchi ya Joto Haihitaji Themostati

Mama mmoja wa Sultan Hamud alinishika bega, akanisogeza kando na kuniamuru nisimame na wanaume wenzangu, kwa sababu mke wangu alikuwa anajifungua. Mke wangu ana wajukuu. Alikuwa tu ameshuka kwenye gari ambalo hita yake ilikuwa imewashwa hadi mwisho, saa saba mchana, mwezi wa Februari, na sasa ameegemea mlango kwa mikono miwili, anahema, jasho linamchuruzika mpaka kwenye viatu. Mbele yake boneti inafuka mvuke. Mtu yeyote mwenye utu angewaza alichowaza yule mama.

Na Sultan Hamud ina watu wenye utu kupita kiasi. Kabla sijafungua mdomo, leso mbili zilikwisha kutandazwa hewani zikawa pazia, kijana wa bodaboda ameshawasha pikipiki, na muuza machungwa ameacha beseni lake ili amshikie mgonjwa mkoba. "Mwaitu, pumua," wakamwambia. "Pumua polepole, usisukume bado."

Mke wangu akapumua. Kisha akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara: "Anayezaa hapa ni gari!"

Leso zikashuka. Watu wakacheka, na wale waliokuwa wakipita wakasimama waelezwe kinachochekesha. Mzee mmoja wa Kimaasai akasogea na fimbo yake, akaingiza mkono dirishani, akausikia ule upepo wa moto, akautoa upesi. Akanitazama kwa huruma. "Mzee," akaniuliza, "huko kwenu kuna baridi sana?"

Tulikuwa likizoni. Mama watoto ndiye aliyeamua kwamba tumeishi nchi hii miaka yote bila kuiona, kwa hiyo tutashuka kwa barabara hadi Tsavo na Mombasa, halafu turudi kupitia Kitui. Kutoka Nairobi hadi Sultan Hamud ni kilomita mia moja na kidogo. Hapo ndipo nchi ilipoanza kutuona sisi.

Habari ya hita inahitaji maelezo, maana hadi leo kuna watu mjini pale wanaoamini kwamba sina akili timamu. Hita ya gari haichemshi kitu chochote. Ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto yanayotoka kwenye injini hupitishwa humo, feni inapuliza, na joto linaingia walimo abiria. Kwa hiyo rejeta kubwa ikizidiwa, hii ndogo inaweza kuisaidia, mradi wenye gari wakubali kuokwa. Siri hii tulipewa na dereva wa lori kwenye vilima vya Salama, tulipokuwa tunatambaa nyuma ya msururu wa makontena na mshale wa joto unaikaribia alama nyekundu. Alituchungulia kutoka juu, akapiga kelele: "Bosi, washa hita! Fungua madirisha!" Tukatii. Mshale ukarudi nyuma kidogo. Sisi ndio tuliopanda.

Karibu na Sultan Hamud mshale ukaanguka wenyewe hadi chini kabisa, kwenye baridi. Mama watoto alimshukuru Mungu kwa sauti. Sekunde chache baadaye mvuke ukafumka. Jambo hili nilikuja kulielewa baadaye na bado linanivutia: kile kipimo hukaa ndani ya maji na hupima maji. Maji yakishakwisha, kinabaki hewani, na hewa haikipashi joto inavyotakiwa, basi kinaripoti kwamba mambo ni shwari. Hakisemi uongo. Kinaeleza hali ya pale kilipo. Ofisini nimefanya kazi na wakubwa wa aina hiyo.

Fundi aliletwa na muuza machungwa. Alikuwa mzee mpole, ovaroli yake imekuwa nyeusi zamani sana hata rangi ya mwanzo haijulikani. Vijana walitaka kifuniko cha rejeta kifunguliwe mara moja. Mzee akaweka kitambaa juu ya kifuniko, akakaa juu ya jiwe, akasema, "Tunangoja."

Tulingoja muda mrefu, na alitumia muda huo kunifundisha. Kifuniko cha rejeta, alisema, si kizibo tu. Kina springi inayozuia mvuke usitoke, na kwa hiyo maji yaliyofungiwa ndani yanaweza kupita digrii 100 na kukaribia 120 bila kuchemka. Sasa Sultan Hamud iko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na hapa maji ya sufuria yasiyofungiwa huchemka kwenye digrii 96 hivi. Ukifungua kifuniko wakati ndani kuna digrii 110, maji yote yanagundua kwa pamoja kwamba yalipaswa kuwa yamechemka kitambo. Yanatoka kwa pamoja pia. Alikunja mkono wa ovaroli akanionyesha kovu la kuanzia kiwiko hadi kwenye kiganja. Vijana wakarudi nyuma hatua mbili.

Maji ya kujazia yakaja kwa mkokoteni wa punda, mitungi ya lita 20. Kila mtungi uliomwagwa ulitazamwa na akina mama waliokuwa wamepanga yao foleni, na mimi nikatazama kwingine.

Rejeta ilipokuwa imejaa, mzee akafungua boliti chache pale bomba la juu linapoingia kwenye injini, akatia kidole ndani, akakizungusha, akakitoa.

"Themostati iko wapi?"

"Fundi wa Nairobi aliitoa," nikasema. "Alisema hii ni nchi ya joto. Haihitajiki."

Mzee hakucheka. Alikwenda kwenye kibanda chake, akarudi na kopo la vyuma, akachagua kidude cha shaba kinachoenea kiganjani, akakitumbukiza kwenye sufuria iliyokuwa jikoni kwa mama wa chai.

"Na chai yangu?" mama akauliza.

"Ni maji tu, hujatia majani."

Tukainama wote juu ya sufuria: mimi, mke wangu, mzee wa Kimaasai, bodaboda, muuza machungwa. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha vitone vidogo vikaanza kupanda kutoka chini, na katikati ya kile kidude kisahani kikasogea, upana wa ukucha, halafu zaidi, mpaka mlango mzima ukawa wazi. Hakuna waya wala betri. Ndani ya kile kikombe cha shaba mna nta. Ikifika digrii 82 au karibu na hapo, nta huyeyuka, ikiyeyuka hutanuka, ikitanuka husukuma pini, na pini hufungua mlango. Mzee akakiopoa kwa kijiko, akakiweka kwenye ukingo wa meza. Kikaanza kujifunga polepole mbele ya macho yetu. Mzee wa Kimaasai alitaka kirudishwe majini akione tena. Kikarudishwa. Tulikitazama mara kadhaa, na chai ya watu ikachelewa.

Sasa sikiliza hila yake, maana ndipo niliposhikwa na hasira. Injini ikiwa baridi, themostati hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta na maji huzunguka ndani kwa ndani kwa kupitia njia ya mkato, ili injini ipate joto upesi. Injini ikipata moto, themostati hufanya kazi mbili kwa pamoja: inafungua njia ya rejeta na, kwa magari ya namna ya letu, kisahani chake cha chini kinaiziba ile njia ya mkato. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi maisha yote. Basi sehemu ya maji ya moto inafanya kama mtoto aliyetumwa kisimani akazunguka nyuma ya nyumba na kurudi na ndoo tupu: inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Siku za kawaida hutambui. Siku ya kilima, jua, mizigo na foleni ya malori, unachemka. Na asubuhi ya Julai pale Limuru, injini hiyohiyo haipati joto linalotakiwa, inakunywa petroli bure. Kidude kilichotolewa kwa sababu ya joto ndicho kilichokuwa kinapambana na joto.

Nimeuliza watu tangu siku hiyo. Karibu kila mwenye gari niliyemuuliza amewahi kuambiwa maneno yale: nchi ya joto, haihitajiki. Wanaambiwa kwa sauti ya mtaalamu, wanalipa, na kidude hawakioni tena. Waliobuni magari hayo wanayauza Dubai. Je, Dubai kuna theluji?

Themostati ya kuendana na gari letu haikuwa koponi, ikabidi iagizwe, nasi tukalala gesti. Jioni tukala muthokoi, na mwenye hoteli akatueleza kwamba mji wake una jina la mtalii. Sayyid Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyekalishwa kitini Agosti 1896 baada ya vita vilivyodumu dakika 38, alikuja kuitazama reli ilipofika maili ya 250 kutoka Mombasa, na kituo kikabaki na jina lake. Alikuja kutazama, kama sisi. Sisi tulitazama, tukachemka, tukalipa kitanda, na hakuna hata kibanda cha sukuma wiki kilichopewa jina letu.

Reli iliyouzaa mji huu nayo imefanyiwa ufundi. Tangu 2017 abiria wanasafiri kwa reli mpya, na treni ikitaka kusimama sehemu hizi husimama Emali. Kituo cha Sultan hakihitajiki.

Usiku ule sikulala vizuri, wala si kwa sababu ya mbu. Gesti iko kando ya barabara. Malori yanayotoka bandarini kwenda Nairobi, Kampala na Kigali yanapita hapo usiku kucha, kwenye barabara ya njia moja kwenda na moja kurudi, na matatu zinayapita penye mlima. Gari likiharibika, sehemu nyingi halina pa kukaa isipokuwa lami yenyewe. Tulipokwama mchana, vijana walikimbia kukata matawi ya miti wakayaweka barabarani nyuma yetu, mafungu mafungu, ili madereva wajue. Ndiyo alama ya hatari tunayoitegemea, majani mabichi. Mchana yanaonekana. Usiku, nyuma ya lori lisilo na taa, hayaonekani, na watu wanakufa, na kesho yake redioni tunaambiwa dereva alishindwa kulidhibiti gari. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa na ramani ya barabara hii akaamua kwamba pembeni hapahitaji nafasi ya kusimama. Nadhani ninaijua sauti aliyotumia.

Asubuhi themostati ikaja kwa bodaboda, ikafungwa, na mshale ukasimama katikati ukaganda hapo mpaka mwisho wa safari. Bei yake ilikuwa chini ya chakula chetu cha jioni. Mzee alikataa kulipwa kwa ajili ya somo.

Mengine ya likizo hayana uzito. Makindu tulikunywa chai ya bure kwenye hekalu la Masingasinga, ambalo linalisha wasafiri bila kuwauliza dini. Tsavo hatukuona simba. Wale wawili mashuhuri waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 wako jumba la makumbusho Chicago, kwa hiyo ukiwataka anza na viza. Mombasa kulikuwa na joto, na mke wangu alikataa kulizungumzia. Kitui tulifika kwenye jiwe la Nzambani, ambalo wenyeji husema ukilizunguka mara saba unabadilika jinsia. Mama watoto alinishauri nizunguke, kisha nirudi Sultan Hamud nikashuke garini tena.

Wewe unayesoma haya, fundi akikukabidhi gari, usilipe kwanza. Mwambie akuonyeshe kila alichokitoa, akiweke mezani, akueleze kilikuwa kinafanya kazi gani kilipokuwa ndani. Akikujibu kwamba nchi hii ni ya joto, mwambie ndiyo maana unakitaka. Hicho kipande ni chako, ulikilipia siku uliyonunua gari.