Safu ya Mshauri: Gari-Nyumba la Mpwa

Barua za juma hili zote zimehusu magurudumu, jambo lisilo la desturi katika safu hii, ambayo aghalabu hushughulika na mahari, mipaka ya viwanja na wakwe wasiojua saa ya kuaga. Tumezijibu kama zilivyofika, na majina ya waandishi tumeyasitiri, ingawa wakazi wa Himbi, kwa jinsi tunavyowafahamu, watakuwa wameyajua kabla ya kumaliza ukurasa.

*Bwana Mshauri, salaam. Mimi ni mstaafu, nina kiwanja changu Himbi, hapa Goma, karibu na ziwa. Mpwa wangu, mwana wa marehemu dada yangu, yuko Liège, Ubelgiji, naye amepata kamping-kari: gari lenye vitanda vinne, jiko, choo na friji. Anataka kutuletea mwaka huu. Yeye asema ataliendesha mwenyewe hadi mlangoni kwangu. Mimi nasema lipakiwe melini. Njia ipi ina hatari ndogo? Nijibu upesi, kwani fundi anangoja kuambiwa lango lipanuliwe kiasi gani. — Mjomba, Himbi.*

Mheshimiwa Mjomba, tuanze na ushujaa wa kijana, maana ushujaa usipojibiwa mapema hununua ramani. Kutoka Liège hadi Himbi kwa nchi kavu pana njia mbili. Ya mashariki hupitia Misri na Sudani, na Sudani imo vitani tangu tarehe 15 Aprili 2023, hivyo njia hiyo hatuna haja ya kuijadili. Ya magharibi hushuka Moroko na Moritania, ikazunguka Afrika Magharibi, ikavuka Nigeria na Kameruni, na mwisho wake humwacha msafiri upande wa pili wa Kongo yetu, akikabiliwa na misitu na mito isiyo na barabara ambayo mtu mwenye akili timamu angethubutu kuipitishia friji. Najua atakutajia ile safari ya Citroën, iliyoondoka Colomb-Béchar mwezi Oktoba 1924 kwa magari manane, ikakata Sahara, ikaingia Kongo, ikagawanyika Kampala katika makundi manne na kufika Madagaska mwaka uliofuata. Ni kweli tupu. Lakini magari yale yalikuwa na minyororo nyuma mahali pa magurudumu, na kampuni nzima ilikuwa imetangulia kuwawekea akiba ya petroli njiani. Ilhali mpwa wako, nadhani, ametangulizwa na salamu zako tu.

Tena kama ni fahari ya kuwa wa kwanza anayoitafuta, mwambie amechelewa. Mwaka 1938 Mwitaliano Attilio Gatti aliuleta Kongo ya Wabelgiji msafara wa nyumba mbili za magurudumu, zilizotengenezwa Marekani na International Harvester, zenye kiyoyozi na umeme wake, ambazo zikisimamishwa ubavu kwa ubavu ziliungana zikawa makazi mamoja. Naye hakuona aibu kuzipakia melini.

Basi na tuiangalie bahari, wala tusiifanye malaika. Gari-nyumba kamili hukaribia kimo cha mita tatu, na mlango wa kontena refu kuliko yote ya kawaida haufiki mita 2.6, kwa hiyo kontena lisahau. Litaingia Antwerpen katika meli ya kubebea magari, lile jengo linaloelea ambalo magari huingia kwa kuendeshwa na kutoka kwa kuendeshwa, na ufunguo utabaki kwa watu msiowajua. Kampuni nyingi hazikubali vyombo vya ndani: mitungi ya gesi itolewe, masufuria na mablanketi yabaki nyumbani, na kitakachoachwa kabatini kihesabiwe kuwa sadaka kwa mabaharia na makuli. Na meli hizo nazo huungua. Mwezi Februari 2022 Felicity Ace, yenye magari yapatayo 4,000, ilishika moto karibu na visiwa vya Azores, ikazama wiki mbili hivi baadaye. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahuthi wa Yemeni waliiteka Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, nayo vilevile ilikuwa meli ya magari. Tangu hapo meli nyingi zimependelea kuizunguka Afrika nzima kwa Rasi ya Tumaini Jema, na mwendo huo mrefu haulipiwi na mwenye meli kutoka mfukoni mwake.

Pana jambo moja la bahari ambalo mawakili wa meli hawalitaji mpaka waulizwe. Nahodha akilazimika kutoa mhanga sehemu ya shehena, au kugharimia msaada ili kuiokoa meli, hasara ile hugawanywa kwa wenye mali wote waliokuwa chomboni, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake. Maana yake gari la mpwa wako laweza kufika salama salimini, halina hata mkwaruzo, na bado mkaambiwa mlipie magari ya watu wengine kabla hamjakabidhiwa lenu. Bima ya baharini hubeba mzigo huo, na bei yake ni ndogo ukiilinganisha na thamani ya gari. Asiyeikata ana haki ya kuilaumu nafsi yake peke yake.

Ama bandari, uchaguzi ni Mombasa au Dar es Salaam. Kutoka Mombasa utapita Nairobi, Malaba, Kampala, Gatuna na Kigali. Kutoka Dar es Salaam utapita Dodoma, Kahama na daraja la Rusumo. Mimi naipenda ya pili, kwa kuwa ina mipaka michache, na kila mpaka una dhamana yake ya forodha, wakala wake, na kijana anayejitolea kukuonyesha dirisha ambalo umeshaliona. Lakini kumbuka kwamba gari la Ubelgiji lina usukani kushoto, nalo litakwenda katika nchi ambamo watu huendesha kushoto hadi lifike mtoni Kagera, ambako ng'ambo ya daraja mkono hubadilika. Kwa zaidi ya kilomita elfu dereva hataweza kulipita lori bila ya mtu kutoa kichwa dirishani achungulie mbele, na mtu huyo, katika safari za jamaa, huwa ni mke, ambaye hulaumiwa akisema pita na hulaumiwa akisema ngoja. Wapo madereva wa IT, kama waitwavyo Tanzania, ambao kazi yao ni kuyafikisha mpakani magari ya nchi jirani; njia waijua kuliko polisi wanaowasimamisha, lakini aghalabu hulipwa kwa safari, si kwa siku, na gari la vitanda vinne halikuumbwa kupita matuta kwa haraka ya namna hiyo. Likipandishwa juu ya lori la kitanda cha chini mtalipa zaidi, na kimo chake kikijumlishwa na cha lori kitazitafuta nyaya zote zilizoning'inia baina ya Morogoro na Gisenyi. Kwa maoni yangu liendeshwe, na dereva wa kazi hiyo, pole pole, mchana tu.

Hayo yote, Mjomba, ni jibu la swali uliloliuliza. Lakini umetaja lango. Mtu anayengoja mgeni hufagia ua. Anayepanua lango anangoja mkazi. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa kuliko moto na Wahuthi. Gari linalokuja kutembea hupewa hati ya muda, na chama cha magari cha Ulaya hulidhamini kwamba litatoka. Lisipotoka, ushuru wote wa nchi lilimobakia hudaiwa kwa mdhamini, na mdhamini humgeukia mwenye gari. Gari linalokuja kukaa ni mzigo wa kawaida: linahitaji hati ya OGEFREM, ofisi ya shehena, kabla ya kupakiwa, ushuru wa forodha ya DGDA, ukaguzi wa bidhaa wa OCC, na subira ambayo haina ofisi. Fauka ya hayo, tangu waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, risiti utakayopewa hapa leo si lazima itambuliwe na Kinshasa kesho, na mwenye busara huhesabu uwezekano wa kulipa mara mbili. Kaeni kwanza, wewe na kijana, mkubaliane kama ni mgeni au mkazi. Mkishajua hilo, meli na barabara zitajipanga zenyewe. Lango usilivunje bado.

*Kwako Mshauri. Mume wangu amepata wazimu wa gari la kulala. Tuna nyumba ya mawe, imara, vyumba vitano, yeye asema atahamia garini litakapofika, kwa sababu huu ni mji wa volkano na nyumba yenye magurudumu yaweza kukimbia. Je, huyu ni mzima? — Mama wa Watoto Sita, Himbi.*

Mama mtukufu, ni mzima, na hilo ndilo linaloifanya kesi yako kuwa ngumu. Mlima Nyiragongo ulimwaga moto mwaka 1977, ukaupasua mji katikati Januari 2002, na ukarudi tarehe 22 Mei 2021. Mtu aliyeyaona hayo akitamani nyumba inayoondoka hawezi kuitwa mwendawazimu. Lakini mkumbushe kwa upole hali ya siku ile ya mwishoni mwa Mei 2021, watu walipoamriwa kuhama: mamia ya maelfu walitoka kwa pamoja, na barabara ya Sake ikajaa pikipiki, malori, mbuzi, magodoro na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumwa. Nyumba ya magurudumu ingetembea kwa mwendo wa chukudu iliyo mbele yake, isipokuwa ingekuwa na choo, na kwa hiyo ingesimamishwa kila hatua na akina mama wenye watoto wadogo, nawe, kwa unavyojulikana mtaani, usingemnyima hata mmoja.

Fauka ya hayo liko suala la maji. Magari haya aghalabu huwa na tangi la lita mia moja hivi. Himbi tunalitazama ziwa kutwa, na bado watoto wetu hubeba vidumu vya njano asubuhi. Siku jirani watakapofahamu kwamba ua wako una tangi lenye bomba, utakuwa umefungua kituo bila leseni. Mruhusu alale garini, ikiwa litafika. Vitanda vile vimepimwa kwa Wazungu wasiopinduka usingizini. Chumba chake usikipangishe. Atarudi kabla ya mvua za Septemba, naye atasema ni kwa ajili yako.

*Mheshimiwa, nakuandikia kutoka Liège, kwa siri. Mimi ni kijana aliyeahidi jambo kubwa nyumbani. Nina kamping-kari, lakini ni la mkopo: karatasi ziko benki, na mkataba unasema lisitolewe Ulaya bila ruhusa yao. Benki sijaiambia. Mjomba naye sijamwambia. Niendeshe au nipakie? — Mpwa.*

Kijana, adabu ya safu hii inatuzuia kusema kama barua yako ina udugu na zilizotangulia. Usiendeshe, wala usipakie. Gari lililotolewa Ulaya kinyume cha mkataba halina bima barabarani, halina bima baharini, na benki ina haki ya kuliita limeibwa; na gari linalotafutwa na Ubelgiji likionekana bandarini Dar es Salaam, anayeulizwa ni aliyetajwa kwenye hati za shehena kuwa mpokeaji, yaani mstaafu mwenye shinikizo la damu na kiwanja karibu na ziwa. Ukiwaomba ruhusa watakukatalia, lakini utakuwa na barua ya kukataliwa yenye nembo na sahihi, na barua ya namna hiyo huheshimiwa sana Himbi. Ichukue, panda ndege hadi Kigali, kisha basi hadi Gisenyi, uvuke mpaka wa Grande Barrière kwa miguu yako ukiwa na begi moja na zawadi za kadiri.

Habari yenyewe usimwambie mjomba wewe. Mwambie mkaza-mjomba wako, jioni, akiwa peke yake jikoni. Yeye atajua siku ya kuitoa, na nina sababu za kuamini kwamba hatahuzunika.