Nyundo ya Meya

Mwaka 1942 Meya La Guardia wa New York alivunja mashine za mchezo wa pinboli kwa nyundo mbele ya wapiga picha, eti zinawaibia watoto senti zao. Marufuku ikadumu hadi 1976. Haraka ya kuzivunja ilikuwa ya nini? Kwenye maonyesho kama Pinball Expo, yaliyoanza 1985 maeneo ya Chicago, mashine hizo hujifia zenyewe: fyuzi inaungua, raba inalegea, kimpira cha chuma kinakwama. Umelipa kiingilio ucheze upendavyo, unamkuta mwenye mashine kafungua kioo, bisibisi mdomoni, anaapa, "Dakika mbili tu, bosi." Nyuma yako wamepanga foleni wastaafu watupu. Wajukuu wa watoto waliookolewa na meya wako nje, wanabeti kwenye simu.