Kutu Isiyonyeshewa Mvua

Ala! Vijana wa kompyuta wana vituko, ndugu zangu. Mtu anachora mlango wa mbao wa kutia kwenye mchezo wa video, kisha anabonyeza kitufe kimoja tu: mikwaruzo na kutu vinamwagika juu, chini, pembeni, hadi kule ambako hata popo hajawahi kugusa. Eti mlango wa zamani! Uzamani gani huo? Huo ni ukurutu.

Hebu simameni hapa kijijini Itebero, mkodolee macho mlango wowote wa duka kando ya barabara. Rangi ya buluu imeliwa wapi? Pale kwenye komeo, mikono inapopita asubuhi na jioni, tena hapo ubao umekuwa laini, unang'aa kwa jasho. Na chini, shubiri moja kutoka ardhini, mvua inaporusha tope. Juu, chini ya ukingo wa mabati, rangi ni ileile ya siku ilipopakwa. Ikipasuka haipasuki ovyo, inafuata nyuzi za mbao. Na msumari ukiota kutu, doa lake linateremka. Kijana mmoja kanionyesha kutu inayopanda! Nikamuuliza, akajibu, "Papa, huo ni mtindo." Nilisonya hadi kuku wakatawanyika.

Chuma ndiyo balaa kabisa. Tangu watu wa Disney walipotangaza kanuni zao za mng'ao mwaka 2012, programu nyingi zina kipimo cha uchuma, 0 mpaka 1. Basi kijana akisikia pipa ni la chuma, anapiga 1 pipa zima, rangi na vyote! We mtoto, jicho linaona rangi. Chuma kimejificha chini yake. Rangi ipe 0. Palipobanduka chuma kikabaki uchi, hapo weka 1. Na kutu? Kutu ilishaacha kuwa chuma zamani, irudishe kwenye 0. Lakini nani anamsikiliza mzee?

Chukudu nayo, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, ya kubebea mizigo, haikupona. Mwenye chukudu hupiga goti moja ubaoni, mguu wa pili unasukuma ardhi. Ubao unalika pale pale penye goti. Vijana wa kompyuta wanaichakaza sawasawa kuanzia usukani hadi gurudumu la nyuma. Ile ya sanamu pale Goma ing'ae itakavyo, imepakwa rangi ya dhahabu na haijawahi kubeba hata kiazi. Hii ya kazi, jamani?

Aaah, dunia! Bati la kuunganishia vipande ndani ya kompyuta linatoka pia kwenye mgodi wa Bisie, huku huku Walikale kwetu. Mashine inabeba mawe yetu tumboni, halafu mwenye mashine anaingia mtandaoni kununua picha za kutu. Kutu! Kwa dola! Mvua ya Itebero inaigawa bure, na sisi hatuna hata pa kuiweka.